Muhula wa Fulana za Fedha

27 Aprili, Jumapili

Leo nimeletewa mtoto. Si wa kumzaa. Ni Yusra, binti wa mume wangu Feisal na mkewe wa zamani, Hasina. Ana miaka minane na begi moja. Nyanya yake, Bi Mwanatumu, mamake Hasina, amemleta mwenyewe kutoka Majoreni. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kiti kimzoee.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Hakungoja chai. "Huyu mtoto ana ukurutu, unajua. Kule kwetu maji ya kisima yana chumvi, yamemla ngozi. Babake amemtaka, haya, ni haki yake. Lakini namtoa kwa muhula mmoja. Shule zikifungwa nitakuja kumwangalia. Ngozi ikiwa imetulia, atakaa hapa Ukunda asome. Isipotulia narudi naye, na tusivunjiane heshima."

Feisal akasema inshallah. Feisal husema inshallah kwa kila jambo, hata ukimuuliza kama amekula.

Mimi nilikubali haraka mpaka nikajionea haya. Miaka sita ya ndoa na tumbo langu halijashika kitu. Ningepewa mtoto kwa muhula, kwa wiki, kwa alasiri moja, ningekubali.

28 Aprili, Jumatatu

Yusra ameanza shule, gredi ya tatu. Aliporudi tukafungua begi lake pamoja. Magauni matatu, buibui dogo, kopo la mafuta mazito ya hospitali, na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani ya mfuko mna fulana mbili za mikono mirefu na suruali mbili za kubana, laini mno, za rangi ya kijivu inayometameta ukizielekeza dirishani. Zinavaliwa ndani, zigusane na ngozi. Uzi wake umechanganywa na fedha, fedha ile ile ya pete na mikufu, kwa kuwa vijidudu vinavyochokoza ngozi yenye ukurutu havipendi kukaa juu yake. Hasina ndiye aliyezinunua huko Maskati, ambako anafanya kazi za nyumbani mwaka wa tatu sasa.

Jioni akanitumia sauti kwenye simu. Ana sauti nzuri, na hilo ndilo nililolichukia kwanza. "Dada Maimuna, asalaam alaykum. Niwie radhi kwa usumbufu. Mtoto avae seti moja, nyingine ifuliwe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato, na uzisuuze mara tatu. Usizitie jiki ya kung'arishia, nakuomba. Wala dawa ya kulainisha, wala usizifukize udi. Fedha yake itakufa, yatabaki matambara. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

Kunifundisha kufua, mimi! Miaka kumi na mmoja niko chumba cha dobi cha hoteli huko Diani. Shuka zilizomwagikiwa mvinyo, taulo zilizopakwa hina na Wazungu wasiojua kungoja ikauke, vitambaa vya meza baada ya kaa wa kupaka, vyote vimepita mikononi mwangu vikatoka vyeupe. Leo nafundishwa kufua fulana na mtu aliye ng'ambo. Nilimjibu, "Waalaykum salaam, usijali dada." Moyoni nilimjibu mengine.

30 Aprili

Mvua. Ananiita Bi Maimuna, kama mimi ni mwalimu wake wa chuo cha Qur'ani.

3 Mei, Jumamosi

Nimefua kama nilivyoagizwa, kwa kinyongo lakini kwa usahihi. Yusra alikaa kwenye kigoda akanisimamia.

"Umesuuza mara mbili," akasema. "Mamangu amesema tatu."

Nikasuuza ya tatu. Nikamuuliza kama na ya nne anaitaka. Akafikiri, akasema hapana, tatu zinatosha. Hana mzaha huyu mtoto.

Mafuta ya mgongoni hupakwa na babake. Feisal anaendesha trekta la miwa Ramisi na harudi kila siku, na siku asiporudi Yusra hujipaka mwenyewe kwa kupindisha mkono, na nusu ya mgongo haipati kitu. Nilimwambia nimsaidie. Akasema asante, ataweza.

7 Mei

Asubuhi shuka yake haikuwa na damu. Nimeigeuza pande zote mbili kuhakikisha.

11 Mei, Jumapili

Mvua siku ya sita. Nguo hazikauki. Nimefunga kamba sebuleni, nazianika fulana hapo na feni inazipulizia, na kila anayeingia anainama kupita. Feisal amegongwa na mguu wa suruali usoni mara mbili leo na hakusema kitu. Ni mtu mwema, tatizo lake ni hilo tu.

Kila alasiri Yusra huchukua simu yangu, huenda nyuma ya pazia na kumtumia mamake sauti. Leo nilisimama upande wa pili na bakuli la uji mkononi. "Mama, nimekula wali wa nazi na kunde. Mama, nimepata tisa kwa kumi. Mama, huku mvua ni kubwa. Mama, sijikuni tena usiku." Nikangoja nisikie jina langu. Uji ukapoa.

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Neno hilo kulisikia kutwa nyumbani mwangu na lisiwe langu kunaniuma. Nalitamani kama mjamzito atamanivyo udongo, na mimba yenyewe sina.

18 Mei, Jumapili

Alhamdulillahi. Viwiko vimekauka, nyuma ya magoti pamebaki weusi tu. Bi Mwanatumu alipiga simu, nikamweleza. Akasema, "Haya. Endelea hivyo hivyo." Kwa yule mama, hiyo ni sifa. Nimeimba kazini siku nzima.

21 Mei

Nimemnunulia viatu vya mvua. Akasema, "Shukran, Bi Maimuna."

25 Mei, Jumapili

Harusi ya kwa jirani. Yusra alivaa gauni la manjano na fulana ya fedha ndani yake, mikono ikitokeza hadi viganjani. Ile rangi imezidi kuiva. Ilikuja kijivu, sasa shingoni na makwapani ni kijivu cha jivu hasa. Nafua kila siku na haitoki.

Tulikaa karibu na Mama Alamin, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye ulimi wake haujawahi kulala na njaa. Akamvuta mtoto mkono, akaugeuza, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwenye pilau: "Jamani, kumbe dobi wa hoteli nyumbani hafui? Au hii ni ya mtoto wa mwenzio?"

Wanawake walicheka, si kwa ubaya, kicheko cha harusini tu. Nami nilicheka. Lakini toka pale sikula. Nimejulikana Ukunda nzima kwa weupe wa kanga zangu. Kumkosa mtoto nimezoea watu waniseme. Kufua sijazoea.

29 Mei

Nimeziloweka saa mbili kwa sabuni ya kipande. Hakuna kilichobadilika. Naziota.

5 Juni, Alhamisi

Kesho kutwa ni Iddi. Gauni la Yusra ni jeupe na lina mikono mifupi. Daktari aliyempa yale mafuta alikataza asikae bila fulana, kwa hiyo fulana itaonekana. Nilimsimulia Cynthia, mwenzangu wa kazini, msichana wa Nyeri aliyekuja pwani miaka miwili iliyopita na bado anashangaa kwamba tunasalimiana kwanza ndipo tuseme shida.

"Si uweke jiki, bana," akasema, huku akikunja taulo. "Kidogo tu. Wewe ndio fundi hapa, nani atakushow?"

Nikamwambia mamake mtoto amekataza.

"Mamake ako wapi?"

"Maskati."

"Sasa ataona aje?"

Simlaumu Cynthia. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua mdomo. Nilitaka tu nisikie mtu mwingine akilisema.

6 Juni, Ijumaa

Nimefanya. Yusra alipokuwa chuoni nilijaza beseni, nikapima jiki kwa kifuniko, vifuniko vitatu, si vingi, nikazitia seti zote mbili. Dakika kumi. Nilizisimamia kama ninavyosimamia shuka za wageni wakubwa. Kijivu kikapungua mbele ya macho yangu, na sitasema uongo, nilifurahi. Nikasuuza mara tano, si tatu. Nikatia dawa ya kulainisha kwa kuwa zilikuwa zimekakamaa. Kisha nikawasha chetezo, nikafunika kapu juu yake, nikazitandaza pamoja na gauni lake na kanzu ya babake zipate udi. Mtoto wa Kiislamu aende kwenye Iddi ananuka sabuni tupu? Nani amelelewa hivyo?

Nyumba nzima ilinukia. Nilisema moyoni, ona Hasina, hivi ndivyo tunavyofua.

7 Juni, Jumamosi. Iddi

Siku nzuri kuliko zote tangu niolewe.

Asubuhi aliniomba nimpake wanja. Tukaenda uwanjani kwa sala nikiwa nimemshika mkono, na hakuutoa. Binti mmoja wa shuleni kwao akamwuliza, "Huyu ndiye mamako?" Yusra akaniangalia toka chini hadi juu, akamjibu, "Huyu ni wa kwetu."

Wa kwetu. Nimelibeba neno hilo siku nzima. Mama Alamin alipita, akaiangalia ile mikono myeupe, akakosa la kusema. Nilimpa biskuti.

10 Juni, Jumanne

Fulana zimetoka madoa ya kahawia, kama kutu, kifuani na mgongoni. Zimepoteza ule mmeto. Yusra amejikuna alfajiri. Nimesema ni joto.

12 Juni, Alhamisi

Naandika nikiwa nimerudi kutoka Msambweni, hospitalini. Yusra amelazwa huko, babake yuko naye.

Jana aliporudi shuleni alikuwa akitembea mikono imetanuka, kama mtu aliyevaa kitu kilicholowa. Nilipomvua fulana, ilikuwa imegandia mgongoni. Nilimwagia maji ya uvuguvugu nikaibandua kidogokidogo, naye hakulia, alikuwa akihesabu vigae vya ukuta kwa sauti ndogo. Mgongo wote mwekundu. Penye viwiko pametoa maji ya manjano yaliyoganda. Usiku homa ikapanda, na asubuhi Feisal akaomba ruhusa kazini tukaenda.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Sista Hannah, mama mtulivu wa huko bara ya Kwale, mwenye miwani ya kamba. Alisema pumu ya ngozi, yaani ule ukurutu, imeingiliwa na vijidudu. Mtoto ametundikiwa dripu, akapewa dawa ya kumeza siku kumi na mafuta mapya. Kisha akaishika ile fulana kwenye mwanga.

"Nguo hizi nimezisikia, sijaziona," akasema. "Huwa zinamfaa?"

"Zilikuwa zinamfaa sana," Feisal akasema.

"Zinafuliwa na nini?"

Feisal akaniangalia. Hakunishuku, aliniangalia kwa kuwa mimi ndiye nifuaye.

"Sabuni," nikasema. "Sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu."

Sista Hannah akaandika. Akasema labda si za kweli basi, kuna nyingi za kuiga, zinapakwa rangi ya fedha juu na baada ya wiki chache inabanduka. Alisema labda. Feisal alipompigia simu Bi Mwanatumu, neno labda lilikuwa limeshapotea njiani. "Hasina ameuziwa takataka," nilimsikia yule mama akisema simuni, sauti yake ikitoka hadi nje. "Wamemwona mjakazi, wakamwuzia takataka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mume wangu. Ningeweza kusema. Nilitazama nyanya mbivu kwenye meza ya mchuuzi ng'ambo ya lango, nikazitazama mpaka simu ikakatwa. Kisha nikajiambia kitu kibaya: kwamba nikisema, mtoto ataondoka leo leo, na nisiposema, bado kuna wiki saba.

Sista Hannah alinifundisha kumpaka mafuta. Kiganja chote, kushuka chini kufuata malaika, vile vinyweleo vya mgongoni, bila kusugua. Yusra hana nguvu ya kukataa sasa. Ndivyo nilivyopata kumgusa mgongo.

14 Juni, Jumamosi

Tumerudi nyumbani. Hasina amemtumia Feisal sauti, naye akaifungulia sebuleni nisikie. Alikuwa analia. Alienda dukani siku yake ya mapumziko kudai maelezo, wakamfukuza. "Nimempelekea mwanangu ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Mwambieni anisamehe. Mwambieni mamake hakujua."

Sikusema.

15 Juni

Sikusema.

17 Juni

Mvua. Sikusema. Nimeunguza maharage.

22 Juni, Jumapili

Kimetokea nilichokililia miezi miwili, na sijawahi kuwa na siku mbaya kama hii.

Wiki nzima Yusra hakuomba simu. Alasiri zilipita na pazia likining'inia bila mtu nyuma yake. Leo nilimletea simu mwenyewe, nikamwambia, "Mtumie mamako sauti, atakuwa anangoja."

"Sitaki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Alinunua nguo mbaya. Alisema ni nzuri na ni mbaya." Alikuwa amelala kifudifudi, nami nampaka mgongo kwa kiganja chote, kama nilivyofundishwa. Kisha akasema, uso ukiwa umezama kwenye mto wa kulalia, "Mama, hapo panawasha. Juu kidogo."

Hasina hakuwamo chumbani. Alikuwa ananiita mimi.

Nilipaka juu kidogo. Nilipaka mpaka akalala, kisha nikaenda chooni nikafungulia maji nisisikike. Neno lenyewe tamu, ndiyo, nakiri, mwili wangu wote ulilisikia. Lakini si langu. Nimeliiba kwa mwanamke aliye mbali asiyeweza hata kuja kujitetea, na yeye anadhani amelipoteza kwa kosa lake.

27 Juni, Ijumaa

Nimesema.

Shule zina mapumziko ya katikati ya muhula. Yusra alikuwa chuoni, Feisal Ramisi. Nilimpigia Hasina saa tano, saa ambayo Feisal aliniambia mwajiri wake huwa kazini. Hatujawahi kuzungumza moja kwa moja hivyo, tulikuwa tukitumiana sauti tu. Alipokea upesi sana. "Yusra ana nini?"

"Hana kitu. Anaendelea vizuri. Ni mimi niliye na neno." Nikamwambia yote bila kupumzika: jiki, vifuniko vitatu, dawa ya kulainisha, udi, hospitali, sabuni niliyomtajia muuguzi. Nikamwambia na kicheko cha harusini, nikaona aibu kwamba ndicho kilichokuwa chanzo, kitu kidogo namna hiyo.

Kwa upande wake nilisikia mashine ya kufulia inazunguka, hiyo sauti naijua kuliko sauti ya mtu yeyote.

"Kwa hivyo sikudanganywa," akasema hatimaye.

"Hukudanganywa. Zilikuwa za kweli."

"Alhamdulillahi." Alilisema kwa pumzi ndefu, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyaweza. "Unajua nilizijulia wapi nguo hizo? Mtoto wa hapa ana ugonjwa huo huo. Wa miaka minne. Anazo saba. Mimi ndiye nizifuaye, kila siku, mwaka wa tatu huu. Na kila nikisuuza ya tatu najiambia, ya mwanangu inasuuzwa na Maimuna."

Niliketi sakafuni.

"Mimi sitakusamehe leo, Maimuna," akasema. Hakusema dada. "Sijui kesho. Umeniacha siku kumi na tano nikijiona muuaji. Lakini wewe uko hapo na mimi siko. Niambie mgongo wake ukoje. Usiniambie umepona, niambie ukoje."

Nikamwambia. Nikamwambia bega la kulia ndilo linalopona kwanza, na ngozi yake mpya ina rangi ya ndani ya ganda la korosho. Kwamba ana kidoa cheusi chini ya shingo. "Nakijua," akasema. Kwamba mbavu zinaonekana akivuta pumzi, lakini si za njaa, ni za kurefuka. Kwamba ukifika kiunoni hucheka bila kutaka. Hasina akacheka na yeye, kisha hakucheka tena. Tulikaa hivyo, mimi nikisema na yeye akisikiliza, mpaka mashine yake ikasimama na akasema lazima aanike.

28 Juni, Jumamosi

Nimemwambia Feisal. Hakusema inshallah. Alitoka akakaa kwenye ngazi ya nje, akarudi, akaniambia, "Ulinifanya nimsingizie mama wa mwanangu mbele ya watu." Kisha akampigia Bi Mwanatumu mwenyewe.

Nimemwambia Yusra. Nilipiga magoti tukawa kimo kimoja. Nilimwambia mamako alinunua nguo nzuri kuliko zote, mimi ndiye niliyeziua, na nilinyamaza nikakuacha umkasirikie.

"Ulisuuza mara ngapi?" akauliza.

"Tano."

"Alisema tatu," akasema, akachukua simu, akaenda nyuma ya pazia.

29 Juni

Bi Maimuna.

6 Julai, Jumapili

Mvua zimepungua. Homa hakuna, maji ya manjano yamekwisha, lakini viwiko vimepasuka na anajikuna. Mafuta ananiachia nimpake. Hatuzungumzi wakati huo.

13 Julai

Mama Alamin ameuliza zile nguo nyeupe ziko wapi. Nikamwambia niliziharibu kwa ajili ya ulimi wake na kiburi changu, nusu kwa nusu. Ameondoka na kikombe changu.

19 Julai, Jumamosi

Seti moja mpya imefika, kwa mkono wa mtu wa Vanga aliyerudi kutoka Maskati. Hasina hakunitumia maagizo safari hii. Nimefua kwa uvuguvugu, mara tatu. Zikikauka usiku avae, mchana awe bila. Ni seti moja tu, haitoshi, lakini inasaidia.

26 Julai

Shingoni imeanza kuiva kijivu. Nimeiangalia nikaiacha ilivyo.

1 Agosti, Ijumaa

Shule zimefungwa. Yusra ni wa nne darasani. Bi Mwanatumu atakuja kesho. Nimekiangalia kiwiko cha kushoto mara nyingi leo, kama kwamba kutazama kunaponya. Cynthia alisema niweke foundeshen, ile ya kupaka usoni, itafunika. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hizi. Kisha nikaona kwamba ningekuwa yule wa mwezi wa sita, ningefikiria.

2 Agosti, Jumamosi

Wameondoka saa nne na nusu. Naandika mchana, nyumba ikiwa wazi, kamba ya sebuleni nimeifungua.

Bi Mwanatumu alikuja na kanga zake mbili na hakukataa chai. Alimsimamisha Yusra mlangoni penye mwanga wa jua, akamgeuza, viwiko, magoti, mgongo, shingo. Mimi nilisimama na sinia.

"Inapona," akasema. "Sitasema uongo, inapona. Lakini haijatulia, nami neno langu nililisema."

"Ndiyo, mama."

"Na kweli yako uliisema mwenyewe, hilo nimeliweka." Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ungeisema siku ile ile hospitalini, pengine leo ningekuwa na maneno mengine."

Feisal akamwuliza Yusra anataka kukaa wapi. Nilimwomba Mungu asimwulize, na akamwuliza. Yusra alitazama vidole vyake vya miguu. "Kwa nyanya," akasema.

Basi. Nilifunga begi. Nilimweleza Bi Mwanatumu kuhusu maji, akasema anajua, ameweka pipa la maji ya mvua, kisima hakitaigusa hiyo nguo. Feisal akatoka kutafuta bodaboda ya kuwafikisha kwenye gari la Majoreni.

Yusra alikuja chumbani akiwa ameshika kopo la mafuta. Akafunga mlango, akavua gauni begani, akanipa mgongo.

"Nyanya mikono yake inakwaruza," akasema.

Nikachota. Nilianza mabegani, kushuka chini kufuata malaika, kwa kiganja chote. Nilipita kwenye kidoa cheusi, nikapita mbavuni, nikafika kiunoni, naye akacheka kidogo bila kutaka. Nje Bi Mwanatumu aliita jina lake, bodaboda ikapiga honi. Mafuta yalikwisha kunywewa yote na ngozi, mkono wangu ulikuwa mkavu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Hakugeuka. Akasimama palepale akaniachia mgongo, na mtoto huyo ni hodari wa kuhesabu, alijua vizuri kabisa kwamba nilikuwa nimemaliza zamani.